Hukumu ya Ukumbini: Mtazamaji wa Sudi na Sinema za Nyumbani

Maoni ambayo mtu wa kawaida huyatoa kuhusu sinema au tamthilia anayoitazama nyumbani hayaandikwi popote wala hayabebi jina la mwenyewe, na mara nyingi hutamkwa wakati picha bado inaendelea, mdomo ukiwa na kipande cha muhogo au mkono ukimpepea mtoto aliyelala mkekani. Kwa sababu hiyo yamezoeleka kuhesabiwa kuwa porojo, yaani maneno ya kupitishia muda ambayo yakishasemwa yamekwisha. Uhakiki, kwa upande wake, huelezwa vitabuni kuwa ni kazi ya kuipima sanaa kwa vigezo vinavyojulikana na kutoa hukumu inayoweza kutetewa kwa hoja. Anayesikiliza kwa makini mazungumzo ya watu waliokaa mbele ya luninga katika mji kama Sudi, kwenye pwani ya Lindi, atagundua kwamba umbali kati ya mambo hayo mawili ni mfupi kuliko vitabu vinavyodai, kwani mazungumzo hayo yana vigezo vyake, yana istilahi zake, na yana swali moja kuu linalorudi usiku hata usiku, ambalo watunzi wa filamu nchini wangefaidika kulijibu: wahusika hawa, kwao hakuna wazee?

Sudi iko kando ya ghuba yenye jina hilohilo, kusini mwa mji wa Lindi katika njia ya kwendea Mikindani, na ni miongoni mwa miji ya kale ya mwambao ambayo habari zake za mapokeo zilikusanywa wakati wa utawala wa Wajerumani na kuchapishwa mwaka 1907 na mtaalamu wa Kiswahili Carl Velten. Maisha ya pwani hiyo ni ya uvuvi, minazi, mihogo na korosho, na utazamaji wa filamu hufuata mizunguko ya kazi hizo kuliko ratiba za vituo vya televisheni: mvuvi huangalia maji kabla ya kuangalia saa, mwezi wa Ramadhani huurefusha usiku, na msimu wa kuuza korosho, unaoanza kwenye Oktoba, ndio wakati ambapo familia nyingi za Kusini hupata fedha za kununulia vyombo vya nyumbani, luninga ikiwamo.

Chombo chenyewe kilifika kwa njia ya kuzunguka. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, takriban miongo miwili baada ya Zanzibar kuanza kurusha matangazo yake ya rangi, kwa hiyo luninga ya kwanza ambayo watu wengi wa Bara waliifahamu ilikuwa imeunganishwa na deki, yaani mashine ya kuchezeshea kanda za video, na kazi yake ilikuwa kuonyesha sinema, si kupokea taarifa ya habari kutoka Dar es Salaam. Mfuatano huo una uzito kuliko unavyoonekana, kwa sababu mtu aliyeanza na matangazo huzoea kupokea anachopewa, ilhali mtu aliyeanza na kanda huzoea kuchagua, kulipia, kurudisha nyuma na kudai fedha yake pale picha inapokuwa mbovu. Kwa Kusini kulikuwa na kikwazo cha ziada: kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko cha Ndundu, na mvua za masika ziliweza kuitenga mikoa ya Lindi na Mtwara na sehemu nyingine ya nchi. Kanda zilizofika zilikuwa chache, na zilizofika zilitazamwa mara nyingi hadi watoto wakayajua mapigano yote kwa mpangilio wake. Hali ya umeme nayo imebadilika, kwanza kwa umeme unaozalishwa na gesi ya Mnazi Bay karibu na Mtwara, kisha kwa sola za majumbani.

Kabla ya luninga kuingia katika nyumba nyingi, palikuwa na kibanda umiza, jina la banda la kulipia ambamo filamu na mechi za mpira huonyeshwa, na ambalo halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kukaa saa mbili kwenye benchi la ubao chini ya bati la moto. Kibanda kilikuwa cha vijana wa kiume, na hukumu zake zilikuwa za vijana wa kiume: nani anapiga vizuri, nani ameuawa kijinga. Mwanamke mtu mzima hakuwa na nafasi ya heshima mle ndani. Filamu ilipohamia nyumbani, hadhira ilibadilika mara moja, na pamoja nayo vigezo.

Inafaa hapa kukumbuka kwamba swali la namna mwanakijiji anavyoielewa sinema ni la zamani, na majibu ya kwanza yaliyotolewa yalikuwa ya kudharau. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliendesha kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa kutengeneza sinema za mafunzo kwa Waafrika na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika na nchi jirani, na baadaye William Sellers, aliyeongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoanzishwa mwaka 1939, alifundisha kwamba Mwafrika apewe picha za polepole zisizo na mikato ya haraka kwa kuwa hawezi kufuata zaidi ya hapo. Kisa kilichotajwa kuliko vyote kama ushahidi ni cha kuku. John Wilson alieleza jinsi wanakijiji walivyoonyeshwa filamu fupi ya usafi, na walipoulizwa wameona nini wakajibu kwamba wameona kuku, kuku ambaye watengenezaji wenyewe hawakujua kuwa yumo hadi walipoikagua filamu yao kipande kwa kipande. Mwanazuoni wa mawasiliano Marshall McLuhan akakieneza kisa hicho duniani katika kitabu chake cha mwaka 1962, The Gutenberg Galaxy. Ukumbi wa Sudi ungekipokea kisa hicho kwa namna nyingine kabisa. Kuku anayekatiza uani ana mwenyewe, na kama mwenyewe haonekani basi kuna jambo halijasemwa. Kumwona kuku ni kuona kitu pekee ndani ya filamu ile kilichotenda kama kinavyotenda duniani. Aliyeshindwa kuona hapo alikuwa mtengenezaji.

Dharau hiyo ilikuwa na kichekesho chake cha kihistoria, kwani miongoni mwa waigizaji wa filamu zilizotengenezwa Tanganyika chini ya serikali ya kikoloni, ikiwamo Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, alikuwamo kijana kutoka Songea aitwaye Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi.

Istilahi za mtazamaji wa nyumbani ni chache lakini zinafanya kazi kubwa. Mhusika mkuu huitwa steringi, neno lililotoholewa kutoka maandishi ya Kiingereza yanayotangulia majina ya waigizaji, na mpinzani wake huitwa adui, hata kama ni baba yake mzazi. Kuigiza ni kucheza, kwa hiyo mwigizaji hodari husemwa kuwa amecheza, bila nyongeza, na mwigizaji hafifu husemwa kuwa anasoma, maana yake maneno yanamtoka kama mwanafunzi aliyeshika kitabu. Filamu yenye fundisho ni ile ambayo mtu anaweza kuisimulia kesho yake kwa mwenzake bila kuona haya. Kanuni maarufu kuliko zote, kwamba steringi hafi, huonekana kama imani ya kitoto, lakini kwa kweli ni maelezo sahihi ya muundo wa filamu nyingi za mapigano, na watazamaji huitumia kwa ujanja: kwa kuwa wanajua hafi, hawapotezi muda kuhofia maisha yake, wanaangalia ni nani atakayekufa kwa ajili yake.

Kutokana na hilo inaeleweka pia kwa nini mtu aliyekwisha kuiona filamu huruhusiwa kutangulia kueleza yanayokuja. Katika utamaduni wa kusimuliana hadithi, ambamo msimulizi hufungua kwa mwito na wasikilizaji humjibu, hadithi ileile husimuliwa mara nyingi na haipungui ladha kwa kuwa mwisho wake unajulikana. Kinachosubiriwa ni namna ya kuufikia. Anayesema, "Ngoja, huyu ataingia mlango wa nyuma," anashika nafasi ya msimulizi msaidizi, na hakaripiwi isipokuwa akikosea.

Nafasi hiyo ndiyo iliyozaa mojawapo ya sanaa za kipekee za Tanzania, ile ya kutafsiri filamu kwa sauti. Mtafsiri, ambaye kwa kawaida hujiita DJ, huchukua filamu ya Kimarekani, ya Kihindi au ya Hong Kong, akaipunguza sauti yake ya asili, kisha akarekodi juu yake masimulizi ya Kiswahili yanayobeba mazungumzo ya wahusika wote pamoja na maelezo, mizaha na ushauri wake mwenyewe. Aliyeijengea kazi hiyo jina ni Derek Gaspar Mukandala, aliyefahamika zaidi kama Lufufu, na waliomfuata ni wengi. Kenya wanaye DJ Afro, na Uganda kazi hiyo hufanywa kwa Kiganda na watu wanaoitwa VJ. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hiyo, aliipa makala yake kichwa chenye mfano wa kugeuza wali kuwa pilau, na mfano huo unatosheleza kwa kuwa mchele ni uleule, kilichoongezwa ni viungo na mkono wa mpishi.

Mtafsiri wa filamu ni mtazamaji wa kawaida ambaye maoni yake yamerekodiwa, na hapo ndipo sanaa hiyo inapohusika na mjadala huu. Anamwonya steringi, anamcheka adui, anamwita mhusika wa Kichina kwa jina la Kiswahili, anaieleza familia ya Kimarekani kana kwamba ni ya Magomeni, Dar es Salaam. Wasomi wa lugha humlaumu kwa kutofuata maneno ya asili, na lawama hiyo ina ukweli wake, maana mara nyingine hakuelewa kilichosemwa na akajaza pengo kwa ubunifu. Lakini mtazamaji wa nyumbani hampimi kwa kipimo hicho. Anampima kama anavyompima mtu aliyeketi naye, na mtafsiri anayeongea mno huambiwa anyamaze kwa sauti, ingawa yumo ndani ya diski na hasikii.

Ukumbi, kwa mpangilio wa nyumba ya pwani, ni nafasi ya katikati inayotenganisha vyumba na kuunganisha mlango wa mbele na ua. Siku hizi luninga huwekwa hapo au sebuleni, na usiku wa joto huelekezwa barazani ili majirani wapate nafasi mkekani. Watu hawaketi ovyo. Wazee hupewa viti au upande wa ukuta wa kuegemea, watoto hukaa mbele chini, wanawake huwa karibu na mlango wa uani ambako kazi haijaisha. Filamu moja, kwa hiyo, hutazamwa na watu ambao adabu inawataka wasisikie mambo fulani wakiwa pamoja. Baba na binti yake mkubwa hawawezi kuangalia tendo la mapenzi huku wote wawili wakikubali kuwa wanaliangalia. Mmoja atakohoa, mwingine atakumbuka maji ya kunywa, na mwenye rimoti atapata ghafla shauku ya kujua kuna nini katika chaneli nyingine. Mkwe ni mzito zaidi. Mwanamume aliyekaa ukumbi mmoja na mama mkwe wake huwa amekwisha kuichambua filamu kabla haijaanza, kwa sababu amelazimika kumuuliza mwenye diski, kwa faragha, kama ndani yake mna mambo.

Swali hilo la kama mna mambo ni uainishaji wa filamu. Nchi inayo sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976, na inayo Bodi ya Filamu yenye jukumu la kukagua kazi na kuzipangia madaraja ya umri, lakini umri ni kigezo kimoja tu, nacho hakikidhi haja ya ukumbi wa pwani. Filamu isiyofaa kwa baba na binti yaweza kufaa kabisa kwa bibi na mjukuu, kwa kuwa kati ya hao wawili kuna utani, yaani uhusiano wa mizaha unaoruhusiwa na mila, na bibi mwenye miaka sabini anaweza kutoa juu ya mwili wa steringi maneno ambayo mama wa katikati yao hawezi kuyatamka wala kuyacheka hadharani. Hakuna daraja la umri linaloweza kuandika jambo hilo kwenye jalada. Matokeo yake ni kwamba hukumu ya filamu moja hutofautiana katika nyumba ileile kati ya alasiri na usiku, filamu ikiwa haijabadilika hata kidogo.

Katika mpangilio huo wa kuketi ndiko linakotoka lile swali la wazee. Filamu za Kitanzania za video, ambazo zilishika kasi baada ya Girlfriend ya mwaka 2003 na kuenea nchi nzima kwa diski zilizosambazwa na kampuni za Dar es Salaam kama Steps Entertainment, zilipendwa kwa sababu ambazo hazina fumbo: zilikuwa za Kiswahili na nyuso zake zilijulikana. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, maombolezo yalikuwa ya nchi nzima, na mchekeshaji wa Tanga Amri Athumani, yaani Mzee Majuto, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa akitajwa majumbani kama ndugu wa ukoo aliyeishi mbali. Mapenzi hayo, hata hivyo, hayakuzuia lawama, na lawama zilikuwa nyingi: filamu moja ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili inunuliwe mara mbili, muziki ulifunika mazungumzo, majina yalikuwa ya Kiingereza kwa hadithi za Kiswahili, msichana wa kijijini aliteka maji akiwa na kope za bandia, na watu wasioonekana wakifanya kazi yoyote waliishi katika majumba yenye ngazi za kupindapinda.

Lawama nzito kuliko hizo ilihusu muundo wa hadithi yenyewe. Katika filamu nyingi za aina hiyo ndoa huvunjika kati ya watu wawili walioketi kwenye makochi. Mume anafoka, mke analia, rafiki anatoa ushauri mbaya, talaka inatoka. Mtazamaji wa Sudi, ambaye anajua kwamba ndoa hufungwa kwa kupitia mshenga na kwamba mgogoro wake hupita kwa wazee wa pande mbili kabla ya kufika kwa kadhi, haoni hapo hadithi ya ndoa bali tundu katika hadithi. Anapouliza kwao hakuna wazee, haombi maadili yahubiriwe, anaonyesha kasoro ya utunzi: mwandishi ameondoa watu ambao uwepo wao ungeufanya mgogoro uwe mgumu zaidi, wenye pande nyingi zaidi, na wenye kuchekesha zaidi. Mwalimu wa uandishi wa tamthilia angesema jambo hilohilo kwa kurasa tano.

Ushahidi kwamba swali hilo ni la kisanaa unapatikana katika kazi za kigeni zilizopendwa, ambazo kwa juu juu hazina cha kushirikiana na pwani ya Lindi. Sinema za Kihindi zilikuwa na wapenzi katika miji ya mwambao muda mrefu kabla ya luninga, na Awaara ya Raj Kapoor, iliyotengenezwa mwaka 1951, ni hadithi ya hakimu anayemfukuza mke mjamzito na baadaye kukutana mahakamani na mwana asiyemtambua. Mother India ya mwaka 1957 ni hadithi ya mama na wanawe. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha kwa Kiswahili tamthilia ya Kichina kuhusu mwanamke wa mjini aitwaye Doudou, aliyeolewa na mwanamume ambaye wazazi wake waliachana na baba akaoa tena, hivyo akajikuta na mama wakwe wawili. Rais Xi Jinping wa China aliitaja tamthilia hiyo kwa fahari katika hotuba yake jijini Dar es Salaam tarehe 25 Machi 2013, na wachambuzi wa siasa wakaandika sana juu ya ushawishi wa China. Huenda ni kweli, lakini mtu aliyekaa ukumbini na wanawake wa pwani wakati mke wa kigeni anapojaribu kumpendeza mama mkwe mmoja bila kumuudhi wa pili hahitaji nadharia ya siasa ili aelewe kwa nini kila mtu alinyamaza.

Sultan, tamthilia ya Kituruki juu ya Sultani Suleiman iliyoonyeshwa kwa Kiswahili kupitia Azam TV, ilifanya kazi kwa njia hiyohiyo. Kasri lake lilikuwa la karne ya 16 na mavazi yake hayajawahi kuonekana Lindi, lakini ndani yake mlikuwa na mama mwenye sauti juu ya mwanawe mfalme, mke wa kwanza aliyepitwa, na Hurrem, aliyeingia kama mtumwa akageuka kuwa mwenye nguvu. Huo ni uke wenza, na katika uke wenza kila mtu mzima wa pwani ana upande. Wapo waliomtetea Hurrem kwa hoja kwamba aliletwa bila ridhaa na alipigania watoto wake, na wapo waliomshutumu kwa hoja kwamba mnyonge akishapata nguvu hana ruhusa ya kusahau unyonge. Mabishano ya namna hiyo yanahitaji kumbukumbu ya sehemu nyingi za tamthilia, na watu wasiosoma gazeti walikuwa nayo. Hata kabla ya picha, redio ilikuwa imeandaa masikio: mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, ulimfanya dereva wa lori Mkwaju na mkewe Tunu wajadiliwe kama majirani.

Kigezo kingine, kinachohusu filamu za kutisha, hutolewa kwa kujiamini zaidi kuliko vyote. Mwongozaji Mussa Banzi, kwa filamu kama Nsyuka na Shumileta, aliwaleta majini na mizuka katika video za Kitanzania, na pwani, ambako majini yana majina, siku na tabia, mtazamaji huikagua filamu kama fundi anavyokagua kazi ya mwenziwe. Jini anayetokea mchana kweupe bila sababu, au mganga anayepiga ramli kwa vifaa visivyoendana, huharibu filamu nzima, hata kama damu ya rangi ni nyingi. Hapa si lazima mtu aamini majini. Inatosha kujua kwamba mwenye kusimulia habari zao ameshindwa kuuliza.

Kuna pia suala la Kusini kuonekana kwenye skrini, ambalo huchekwa kwanza na kulalamikiwa baadaye. Mhusika mwenye lafudhi ya Lindi au Mtwara katika vichekesho vya Dar es Salaam mara nyingi hupewa lindo la getini au sinia la biashara ndogo, na akifungua mdomo kicheko kimeshaandaliwa. Neno machinga, linalotumika nchi nzima kwa wachuuzi wa barabarani, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi linatokana na Wamachinga, jamii ya pwani hiyohiyo ya Lindi, na ni wachuuzi hao waliozitembeza diski za filamu mikononi hadi kwa wanunuzi. Kwa hiyo mtu wa Sudi anapomcheka mlinzi wa kwenye filamu anacheka pia kitu cha kwao, na mara nyingi anamsahihisha mwigizaji kwamba lafudhi aliyoshika si ya Kusini yoyote inayojulikana.

Siku hizi filamu hununuliwa kwa kujaziwa kwenye flashi au kadi ya simu, na kijana huitazama peke yake, visikizi masikioni, pembeni ya watu walewale ambao zamani angebishana nao. Watu wengine huona katika hilo uhuru, na ni uhuru kweli kwa yule aliyekuwa akilazimika kutoka nje kila mama mkwe alipoingia. Lakini maoni yanayotokana na utazamaji huo ni mafupi: kali, mbovu, nzuri. Hayabishaniwi kwa sababu hakuna aliyeona kitu hichohicho kwa wakati uleule, na mtu asiyebishiwa hana haja ya kutoa hoja. Tamthilia za jioni katika king'amuzi, kisanduku cha kupokelea matangazo ya dijitali, ndizo zinazoendelea kuukusanya ukumbi, na ndiyo maana tamthilia za Kitanzania zenye koo nzima ndani yake, kama Huba na Jua Kali, zinastahili kuangaliwa na wahakiki kwa makini kuliko zinavyoangaliwa sasa.

Ghuba ya Sudi ina hadithi yake yenye steringi, adui na wazee kwa pamoja: mwezi Machi 1916 meli ya Kijerumani Marie iliingia humo kwa siri ikiwa na silaha za jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Lettow-Vorbeck, shehena ikapakuliwa na kubebwa na wapagazi kwenda bara, manowari za Waingereza zikaishambulia tarehe 11 Aprili, na siku chache baadaye meli hiyo ikaponyoka hadi Batavia. Mtunzi atakayeamua kuitengenezea filamu anaombwa jambo moja kabla ya kuipeleka popote: aichukue ikiwa bado haijakamilika, aionyeshe usiku mmoja katika ukumbi wa hapo hapo Sudi ambamo bibi, mkwe, mvuvi na watoto wameketi kama wanavyoketi siku zote, kisha yeye akae nyuma karibu na mlango, asijitambulishe, na aandike kila kinachosemwa.